Krismasi Tunaenda Ushago, Lakini Baridi ni ya Julai

Kwa simu ya mathe kuna picha ya Krismasi ambayo sisi wote tumo. Ni kwa shosho, Kinangop Kusini, pande za Njabini. Wajukuu kumi na wanne, maanko, maanti, na mbwa amepita katikati wakati picha inapigwa. Nyuma yetu kuna tawi la sipresi limesimamishwa ndani ya debe la mchanga, limebandikwa pamba nyeupe huku na huku. Hiyo pamba ni theluji. Na ukiangalia vizuri, anko wangu amekunja shati mpaka kwapani kwa sababu ya jua.

Picha ya Julai haipo. Nina miaka 23, na mpaka mwaka juzi sikuwa nimelala Kinangop hata usiku mmoja wa Julai. Mathe na fathe pia, tangu waoane. Hakuna mtu aliyetukataza. Ni vile tu watu huenda Desemba. Ukiuliza kwa nini, utaambiwa ni mila, tumeikuta hivyo.

Leo nataka tuchimbe hiyo mila kidogo, kwa sababu nusura itunyang'anye shosho.

Mwaka juzi, Julai, simu iliingia kabla ya saa moja asubuhi. Alikuwa jirani wa shosho. Alikuwa amesikia ng'ombe analia hajakamuliwa, na gari la maziwa lilikuwa limepita bila mkebe wa shosho kuwa barabarani. Shosho hakosi kupeleka maziwa. Jirani akabisha, akazunguka dirishani, akaita vijana, mlango ukavunjwa. Shosho alikuwa kitandani, anapumua, lakini hajitambui. Chini ya dirisha kulikuwa na jiko la makaa lililobaki majivu, na kando yake sufuria ya maji, kwa sababu mtu alikuwa amemwambia kwamba maji hufyonza ile hewa mbaya.

Maji hayafyonzi chochote. Nitarudi hapo.

Alilazwa siku nne, akiwekewa oksijeni. Alipona. Lakini kile kilichoninyima usingizi si jiko. Ni nyumba. Ile nyumba tulimjengea sisi.

Tulikubaliana kuijenga siku ya Krismasi, tukiwa tumeketi nje kwa nyasi tukila nyama. Ile ya zamani ilikuwa ya mbao, imejaa mianya, upepo ukivuma kalenda inacheza ukutani. Tukasema hapana, shosho hawezi kuzeekea hapo. Kila mtu akatoa chake. Krismasi iliyofuata tukamkabidhi nyumba ya mawe, dari ndani, mlango wa chuma, madirisha ya vioo. Fundi alikuwa ameacha matundu ya hewa juu ya madirisha. Kila Juni shosho alikuwa anayaziba na magunia kwa sababu ya baridi, na kila Novemba anayafungua. Sisi tukifika Desemba tunakuta yako wazi. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua, kwa sababu hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameiona hiyo nyumba wakati wa baridi.

Sasa, baridi yenyewe. Watu hucheka tukisema Kenya kuna baridi, ati si mko kwenye ikweta. Lakini kuanzia Juni hadi Agosti upepo wa kusi unaleta hewa yenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi, mawingu yanashuka na kukaa juu ya nyanda za juu, na jua linaweza kupotea siku nzima. Halafu kuna urefu. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Kinangop iko karibu mita 2,500. Kila ukipanda mita 1,000 joto linapungua kama digrii sita hivi. Kwa hivyo siku ile wewe unalia baridi Umoja ukiwa na hudi, shosho yuko kwenye baridi yako ukiondoa digrii nne au tano, na hana dada wa kulala naye kitanda kimoja.

Wazee walijua hii kitu vizuri. Kikuyu kina jina la huo msimu: gathano. Ulikuwa msimu wenye kazi zake na namna yake ya kuishi. Nyumba ya zamani ya mwanamke wa Kikuyu ilikuwa na moto katikati, kwa mawe matatu, na mbuzi walilala humo humo ndani. Watoto walilala karibu na mama yao, na jioni nzima ilikaliwa kando ya ule moto. Sisemi ilikuwa paradiso. Moshi ule uliharibu macho na vifua vya akina mama wengi. Lakini baridi ilikuwa shida ya watu wengi waliokaa pamoja. Mtu mzee kulala peke yake na jiko ndani ya nyumba iliyozibwa ni jambo jipya kabisa.

Na Krismasi je? Tarehe 25 Desemba inaonekana kwenye kumbukumbu za Roma karne ya 4. Ikaenea Ulaya, na huko ikaangukia katikati ya majira ya baridi, wakati usiku ni mrefu, shamba halina kazi, na mifugo imechinjwa kwa sababu malisho yameisha. Mambo mengi tunayoyaona ya Krismasi yanatokana na hayo: moto, chakula kizito, familia kufungiana ndani. Mti ulitoka Ujerumani, na Uingereza ulipata umaarufu baada ya gazeti moja la London kuchapisha mwaka 1848 mchoro wa Malkia Victoria na familia yake wakiwa kando ya mti. Kadi ya kwanza ya Krismasi ya kuuzwa ilichapishwa huko huko London mwaka 1843. Kwa ufupi, wenzetu walikuwa na baridi kwanza, kisha sherehe ikaja kuwapa watu sababu ya kukaa pamoja ndani yake.

Sherehe hiyo ilipofika kwetu na wamishonari, ilikuja na tarehe yake. Wamishonari wa Scotland walianza kazi Thogoto mwaka 1898. Desemba kwetu jua linawaka na mvua ya vuli inaelekea kuisha. Tukapokea kila kitu mpaka theluji, na kwa sababu theluji haikuwepo tukatumia pamba. Hata huo mti wetu wa sipresi ni mgeni, asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati.

Lakini kanisa peke yake halielezi kwa nini Nairobi inabaki tupu Desemba. Mtu anaweza kwenda kanisani mtaani kwake. Safari ya kwenda ushago ina asili nyingine, na hapo ndipo historia inaanza kuuma.

Mwaka 1901 serikali ya kikoloni ilianzisha kodi ya nyumba. Kodi ilitakiwa kwa pesa, na pesa ilipatikana kwa kufanya kazi kwa mzungu. Reli ilikuwa imefika mahali tunapoita Nairobi mwaka 1899, na mji ukaanza kukua ukihitaji wafanyakazi. Kisha ikaja sheria ya kipande ya mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza. Kila mwanaume Mwafrika wa kuanzia miaka 16 alitakiwa kubeba karatasi yenye jina lake, alama za vidole na maelezo ya mwajiri, ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Kuacha kazi bila mwajiri kuweka sahihi lilikuwa kosa la jinai.

Huyo mwanaume mjini alilipwa mshahara wa mtu mmoja. Hesabu ilikuwa kwamba mke na watoto wako rizavu, wanalima, wanajilisha. Mjini alipewa nafasi ya kitanda, basi. Nyumba nyingi za wafanyakazi hazikujengwa kwa familia. Mwaka 1954, ndipo kamati ya mishahara iliyoongozwa na Carpenter ikaandika kwenye ripoti ya serikali kwamba mshahara ule hautoshi familia, na kwamba mfanyakazi anafaa kulipwa vya kutosha kuishi mjini na watu wake. Mwaka huo huo, mnamo Aprili, serikali hiyo hiyo iliendesha Operesheni Anvil na kukamata na kufukuza maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru kutoka Nairobi.

Unaona picha? Baba yuko mjini mwaka mzima. Nyumbani ni mahali pengine. Anarudi akipewa likizo, na likizo inapatikana mwajiri naye anapofunga kazi kusherehekea, yaani Krismasi. Anarudi na sukari, na unga wa ngano, na nguo. Anaonekana. Halafu Januari anapotea tena. Tumeita hiyo mila, lakini ukiiangalia kwa karibu, ilipangwa na kalenda ya mwajiri. Baada ya uhuru tukaongeza Jamhuri tarehe 12, shule zikawa zimefungwa, matatu zikaruhusiwa rasmi na Kenyatta mwaka 1973, na Desemba ikawa ndiyo Desemba tunayoijua, na nauli yake ya mara mbili.

Na hata hicho chakula cha Krismasi. Chapo tuliipata kutoka kwa Wahindi, ambao zaidi ya 30,000 waliletwa kujenga reli, na unga wa ngano wa hapa ukaanza kusagwa na kampuni ya Unga, iliyoanzishwa mwaka 1908. Majani ya chai yalipandwa Limuru mara ya kwanza mwaka 1903. Kitu ambacho ulifikiri ni cha tangu enzi za babu wa babu, mara nyingi ni cha babu tu.

Hata ushago wenyewe, kwetu. Kinangop ilikuwa sehemu ya ardhi ya wazungu. Familia kama yetu ziliingia huko baada ya mpango wa makazi wa ekari milioni moja kuanza mwaka 1962. Kwa hivyo zile Krismasi zetu za "tangu jadi" hazijafika hata miaka mia moja. Guka alipata shamba, akajenga ile nyumba ya mbao, na watoto wake wakaenda Nairobi kutafuta kazi. Yeye aliwahi kuwa yule baba wa kurudi Desemba, halafu akawa yule mzee wa kungojewa Desemba. Nafasi yake sasa inakaliwa na shosho.

Sisemi haya ili tuache kwenda. Mimi napenda Krismasi ya ushago kuliko kitu chochote. Nasema kwa sababu mila iliyotengenezwa na watu inaweza kurekebishwa na watu. Kama tarehe ilichaguliwa na mwajiri wa mwaka 1920 na kitu, hatulazimiki kumwachia yeye aamue ni lini tunamuona shosho.

Baada ya kutoka hospitalini nilikaa naye wiki mbili. Julai yangu ya kwanza huko. Ukungu ulikuwa unakaa mpaka karibu saa sita mchana. Maji ya mtungi yanauma vidole. Nguo zinaoshwa Jumatatu na Alhamisi bado zina unyevu. Shosho analala na sweta mbili na soksi za guka, na saa kumi na moja asubuhi yuko kwa ng'ombe. Usiku mmoja nilimuuliza kwa nini hajawahi kutuambia kuko hivi. Akanijibu kwa Kikuyu, akiendelea kumenya njegere:

"Wakwa, mnakuja Desemba kunionyesha watoto. Na mimi Desemba huwa sina shida. Ningeanza aje kuwaambia habari za baridi jua likiwaka?"

Sikuwa na jibu.

Sasa yale ya kushika, tafadhali, kwa sababu kila mwaka msimu wa baridi tunasikia habari za familia ambayo haikuamka.

Makaa yakiwaka hutoa hewa inayoitwa kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu, kwa hivyo usingoje kunusa moshi. Ukiivuta inashikana na himoglobini ya damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na mwili unakosa hewa huku wewe unafikiri umechoka tu. Kichwa kinauma, unasikia kizunguzungu na kichefuchefu, halafu usingizi. Makaa yaliyobaki mekundu bila moshi bado yanaitoa, kwa hivyo lile jiko "linaloisha" si salama. Sufuria ya maji haisaidii. Jiko likae nje au jikoni penye hewa, na lisilale chumba kimoja na mtu, hata kwa dakika za kupasha chumba. Ukikuta mtu amezidiwa, mtoe nje kwa hewa safi kwanza, halafu hospitali mbio.

Hili linahusu hata keja zetu za Nairobi. Bedsita yenye dirisha moja ni nyumba ya shosho, tofauti ni kwamba iko orofa ya nne.

Na kuhusu homa. Mathe wangu anaamini nimonia inaletwa na kukosa sweta. Baridi peke yake haikuambukizi kitu. Homa huletwa na virusi, na nimonia na vijidudu. Kinachofanyika msimu huu ni kwamba tunafunga madirisha na kubanana, na mtu mmoja akikohoa kwa mat, nyote mmepata. Kwa hivyo vaa sweta ili usikie vizuri, lakini fungua dirisha kidogo, osha mikono, na ukiwa na homa usiende kumbusu mtoto mchanga. Kama una mtoto, chanjo ya nyumokokasi inayozuia aina kadhaa za nimonia iko kwenye ratiba ya Kenya tangu 2011, wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Tangawizi na limau ni tamu, na maji moto yanatuliza koo. Lakini mtoto anayepumua haraka haraka, kifua kinazama, huyo si wa tangawizi. Huyo ni wa hospitali sasa hivi. Wazee nao waangalie zaidi, kwa sababu mwili wao unapoteza joto upesi, na wengine hawaisikii baridi vile sisi tunaisikia.

Kwetu tulifanya nini? Tuliweka wavu wa chuma kwenye yale matundu ya hewa ili yasizibike kwa urahisi. Tukamjengea jiko la kuni lenye bomba la moshi jikoni, na yeye sasa jioni anakaa huko mpaka saa ya kulala. Tukamnunulia chupa mbili za maji moto za kuweka kitandani, na blanketi nzito kutoka Gikomba. Ni mtumba wa Ulaya, wenye baridi yao walishaitumia. Pesa yote haikufika bei ya mbuzi wa Krismasi.

Halafu nikaleta maneno kwa kikundi cha familia: wikendi za Julai na Agosti tugawane, kila nyumba iende moja. Kelele ilianza. Anko mmoja akasema kazi haifungi Julai. Ni ukweli. Lakini sheria ya ajira ya 2007 inampa mfanyakazi angalau siku 21 za likizo kwa mwaka, na Njabini si Turkana, ni kama saa mbili kutoka tauni. Mwingine akasema nimeenda chuo nikarudi kuharibu Krismasi. Fathe hakusema kitu kwa kikundi. Jumamosi iliyofuata alichukua ufunguo wa gari akaenda.

Mwaka jana kati ya wikendi nane tulifaulu tano. Si mbaya kwa mara ya kwanza. Mwaka huu nimechukua ya pili ya Julai, na binamu zangu wawili wamesema watakuja, mmoja kwa sababu nimemwambia kuna njegere na waru za kutoka shambani, mwingine kwa sababu hana form.

Kwa hivyo kabla hujafunga hii, angalia tarehe. Kama uko na shosho au guka sehemu za juu, iwe Kinangop, Limuru, Nyahururu au Molo, mpigie leo na umuulize maswali mawili: usiku unalala na jiko ndani? Dirisha lako linafunguka? Usikubali jibu la "niko sawa". Wangu pia alikuwa sawa kila Desemba.

Kisha uniambie kwenu ni wapi, na mara ya mwisho kuona ushago Julai ilikuwa lini.